Anayekufa Mapema Naye ni Mwigizaji

Kabla sijaanza naomba msinielewe vibaya. Sina kinyongo na mtu, wala siandiki haya ili mwaka ujao nipewe nafasi ya mfalme katika mchezo wetu. Mfalme tunaye tayari, na sauti anayo. Naandika kwa sababu katika mkutano wa mwisho wa chama chetu cha Kiswahili mwanachama mmoja alisimama akapendekeza kwamba tukienda tena kwenye tamasha la drama mjini Bomet tupunguze waigizaji kutoka kumi na wanane hadi kumi, maana nauli imepanda, na ati hawa wengine ni wa kuingia na kufa tu. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilijikuta nikipiga makofi, kisha nikakumbuka kwamba anayezungumziwa ni mimi.

Kwa wale ambao hawakuutazama mchezo wetu, nilikuwa Askari wa Pili. Nilikuwa na sentensi moja: "Bwana mkubwa, wananchi wamefika langoni." Baada ya hapo jiwe linanipata kichwani, naanguka, navutwa miguu hadi nyuma ya pazia. Hiyo "bwana" ndiyo iliyoninyima nafasi kubwa zaidi. Ulimi wangu ni wa nyumbani, sifichi, na nikisema bwana wengi husikia pwana. Siku ya mchujo darasa zima liliangua kicheko, na nilipoona orodha nikajikuta upande wa maaskari.

Nilipomwomba baba shilingi 600 za nauli na chakula aliniuliza ninakwenda kufanya nini huko. Nikamwambia nitaingia, nitasema, nitakufa. Akaniangalia kwa muda mrefu.

"Kijana, unataka mia sita uende kufia Bomet? Si ufie hapa nyumbani. Hapa ni bure."

Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Pesa nilipata mwishowe, nusu kwa baba na nusu kwa shangazi, lakini maneno hayo yamenikaa moyoni hadi leo, na ndiyo yaliyonifanya nianze kuwatazama kwa makini wale watu ambao katika filamu kazi yao ni kufa.

Sisi vijana wa Mulot tumelelewa na neno moja, nalo ni stelingi. Ingia kwenye kibanda cha video siku ya soko, ukae kwenye benchi katikati ya wachungaji, makondakta na wanafunzi waliotoroka masomo ya jioni (simtaji mtu), swali la kwanza ni moja tu: stelingi ni nani? Ukishaonyeshwa, shughuli imekwisha. Stelingi hafi. Risasi elfu zitapita kando ya masikio yake. Wengine wote waliobaki tunawaita "hao". Tunasema hao wanakuja, hao wameisha. Sifa moja niwape wasimulizi wetu kama DJ Afro, ambao hutafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani: wao humtolea hata jambazi wa dakika mbili maneno yake na vituko vyake, na ndiyo maana kibanda kizima hucheka anapoingia. Wao wameona jambo ambalo chama chetu hakijaliona.

Nitawapa mfano wa baba huyu huyu wa kufia nyumbani. Alipokuwa kijana alichuma chai katika shamba kubwa upande wa Kericho, na anasimulia jinsi wafanyakazi walivyoonyeshwa sinema usiku ukutani, watu wameketi kwenye nyasi na blanketi zao. Nilimwuliza anakumbuka sinema gani. Akasema za makauboi. Stelingi alikuwa nani? Hakumbuki hata mmoja. Lakini akaniambia kulikuwa na mtu mmoja mweusi, mrefu, upara, amesimama stesheni ya gari la moshi akimngoja mtu wa kumwua. Maji yakawa yanamdondokea kichwani kutoka juu, tone moja moja. Yule mtu hakusogea. Alivaa kofia yake tu, maji yakajaa kwenye ukingo wa kofia, kisha akaivua akayanywa. "Halafu akapigwa risasi," baba akasema, "na sinema ndiyo kwanza inaanza."

Nilipata kujua baadaye kwamba filamu hiyo ni Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968, na mtu huyo anaitwa Woody Strode. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1914, na mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa wachezaji weusi wa kwanza kurudi katika ligi kubwa ya kandanda ya Kimarekani baada ya miaka kadhaa ya kufungiwa mlango. Kisha akaingia katika sinema. Mwongozaji John Ford alimpa nafasi katika Sergeant Rutledge mwaka 1960 na katika The Man Who Shot Liberty Valance mwaka 1962. Hata kwetu Afrika alifika kwa mfano, maana mwaka 1968 aliigiza katika filamu ya Kiitaliano mtu aliyetungwa kwa kumfuata Patrice Lumumba wa Kongo. Alikufa siku ya mwisho ya mwaka 1994. Yule mdoli kauboi wa filamu ya katuni ya Toy Story, ambaye watoto wote wanamjua, alipewa jina la Woody kutokana na yeye. Naam, na mchuma chai wa Kericho amebeba tone la maji la mtu huyo kichwani kwa miaka zaidi ya thelathini, ilhali jina la stelingi limemtoka kabisa.

Lakini Strode ni wa mbali na wa zamani, mtasema. Haya, nije karibu. Tuna Mkenya ambaye amepitia njia hiyo hiyo mpaka akapanda farasi katika filamu ya makauboi, na nina hakika nusu ya wanachama wetu wamemwona bila kujua ni wa kwetu. Anaitwa Edi Gathegi.

Alizaliwa Nairobi tarehe 10 Machi mwaka 1979, akakulia Marekani katika mji wa Albany, jimbo la California. Ndoto yake haikuwa uigizaji hata kidogo. Alitaka kucheza mpira wa vikapu. Akaingia Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, na huko akaumia goti, na mpira ukaishia hapo. Wanaspoti wa shule yetu wanajua uchungu huo. Yeye mwenyewe amepata kueleza kwamba alivunjika moyo, na kwamba somo la uigizaji alilichukua kwa kuwa lilionekana rahisi. Mtu anatafuta somo rahisi la kujazia ratiba, anapata kazi ya maisha! Baada ya hapo akaenda Chuo Kikuu cha New York kusomea uigizaji, akaanzia kwenye jukwaa, katika michezo ya Shakespeare na ya watunzi wa Marekani, kabla ya kamera kumjua.

Sasa tazameni alivyoanza kwenye sinema. Mwaka 2006, katika filamu ya Crank, alikuwa dereva wa teksi. Sio dereva mwenye jina, la, ni dereva wa teksi Mhaiti tu, basi. Huyo ni Askari wa Pili kabisa! Mwaka uliofuata, katika Gone Baby Gone, akawa mwuza dawa za kulevya, Mhaiti tena, na akauawa. Mwaka 2008 akawa Laurent katika Twilight, ile filamu ya wanyonya damu ambayo dada zetu wameitazama mpaka wameikariri, na katika sehemu ya pili mwaka 2009 mbwamwitu wakammaliza. Mwaka 2011 akawa Darwin katika X-Men: First Class. Hapo ndipo nilipochoka. Darwin ni mtu ambaye mwili wake hujibadilisha wenyewe ili asife. Ukimtia majini anaota mashavu kama ya samaki. Kipaji chake chote ni kutokufa, na bado akauawa mapema kuliko wenzake! Watazamaji wengi walilalamika, nami naungana nao.

Lazima nikiri hapa kwamba hoja yangu ina mwiba ndani yake. Kuna malalamiko ya siku nyingi kwamba katika filamu za Marekani mtu mweusi ndiye hutangulia kufa, na malalamiko hayo si ya uongo. Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza: wewe unasifu nini? Unasifu dhuluma? La hasha. Kumpa mtu nafasi ndogo kwa sababu ya rangi yake ni dhuluma, kama vile kumpa nafasi ndogo kwa sababu anasema pwana. Hilo nalipinga waziwazi, na ninaomba mchujo ujao tusikilizwe mpaka mwisho wa sentensi kabla ya kucheka. Lakini nafasi ikishatolewa, iwe kwa haki au kwa dhuluma, kuna mtu anayesimama ndani yake, na kazi anayoifanya humo ni kazi. Mambo hayo mawili tusiyachanganye. Gathegi angeweza kuwafanya hao Wahaiti wake wafanane. Lakini ukimtazama Ronald Dacey wake katika tamthilia ya StartUp, iliyoanza mwaka 2016, naye kiongozi wa genge la Wahaiti huko Miami, unaona baba wa familia anayewaogopea watoto wake, hata humkumbuki kamwe yule dereva wa teksi. Lafudhi ni ile ile, mtu ni mwingine.

Na tukitaja lafudhi, nani hajui habari za Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang Hatari wa Vitimbi na Vioja Mahakamani? Alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka mingi akaigiza kwa lafudhi ya Kijaluo mpaka wengi wakaamini ni Mjaluo, hadi alipofariki Julai 2015. Baba anamkumbuka pia Masanduku arap Simiti wa vichekesho vya KBC. Hadithi zenyewe amezisahau. Anakumbuka tu kwamba siku hiyo "arap" wetu alikuwa ndani ya televisheni, na jirani mwenye televisheni aliongeza sauti. Lafudhi ambayo shuleni ni kicheko, kwa hao ilikuwa mkate.

Turudi kwa farasi. Mwaka 2021 ilitoka filamu ya makauboi iitwayo The Harder They Fall, iliyoongozwa na Jeymes Samuel wa Uingereza. Wahusika wake wakuu karibu wote ni watu weusi. Ilipigwa katika jimbo la New Mexico, na mwaka 2020 kazi ilisimama kwa miezi kadhaa kwa ajili ya korona, na Idris Elba, mmoja wa waigizaji wakubwa ndani yake, naye alipatikana na ugonjwa huo. Hadithi ni ya kubuni, lakini majina ni ya watu waliopata kuishi kweli. Wengi wetu tumedhani makauboi walikuwa wazungu watupu kwa sababu ndivyo tulivyoonyeshwa. Kumbe wanahistoria hukadiria kwamba katika wale wachungaji wa ng'ombe wa Marekani wa karne ya 19, kama mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. Maana kauboi ni nani hasa? Ni mchungaji. Anaswaga ng'ombe kwenda sokoni, analala nje, anaogopa wezi na ukame. Hapa kwetu mpakani mwa Bomet na Narok mtu wa namna hiyo hutuita tumsaidie kuvusha ndama, na hatumwiti kauboi.

Gathegi ndani ya filamu hiyo ni Bill Pickett, mwenye shabaha, mshika bunduki wa kikundi cha stelingi. Si yeye stelingi. Stelingi ni Jonathan Majors, anayeigiza Nat Love. Gathegi anapanda farasi nyuma yake, anaongea kidogo, anamchunga kijana mmoja mjuvi mwenye haraka ya bastola. Niliitazama kwenye simu ya binamu yangu likizoni. Utaona Gathegi anavyomtazama yule kijana, kama mjomba anayejua kwamba mpwa wake atajiponza na bado hawezi kumfunga kamba. Hakuna neno linalosema hivyo katika mazungumzo yao. Ni macho tu. Nilirudisha nyuma mara tatu mpaka binamu akanipokonya simu kwa ajili ya chaji. Na kama mlivyokwisha kukisia, katika mapigano ya mwisho Bill Pickett anakufa.

Nikatamani kujua Bill Pickett wa kweli alikuwa nani, na hapo ndipo baba alipoingia tena katika habari hii.

Pickett alizaliwa Texas mwaka 1870, na wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Umaarufu wake ulikuwa wa kuangusha fahali. Alikuwa akimfukuza fahali kwa farasi, anamrukia, anamshika pembe, anamgeuza shingo mpaka pua inaangalia juu, halafu anamwuma mdomo wa juu kwa meno yake na kujitupa chini. Fahali anaanguka. Ati alijifunza kwa kuwatazama mbwa wa kuchungia, ambao humtuliza ng'ombe mkaidi kwa kumwuma mdomo. Mashindano ya kuangusha fahali kutoka mgongoni mwa farasi, ambayo mpaka leo yapo katika michezo ya makauboi huko Marekani, yalitokana na yeye, ingawa siku hizi hakuna anayeuma. Pahali pengine weusi walikatazwa kushindana, kwa hiyo ilibidi asemwe ni Mhindi Mwekundu ili aingie uwanjani. Alizunguka na kundi la maonyesho la 101 Ranch la Oklahoma, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaigiza mwenyewe katika filamu mbili, The Bull-Dogger na The Crimson Skull. Mwaka 1932 farasi alimpiga teke la kichwa, akafa.

Nilimsomea baba habari hizo jioni moja. Baba hununua na kuuza ng'ombe siku za soko, na mambo ya fahali hayachezei. Mwanzoni alisema mtu huyo ana wazimu au ana njaa. Baadaye akanyamaza. Akauliza pembe alizishika vipi, kwa ndani au kwa nje. Akauliza meno yalibaki mangapi. Akasimama, akashika hewa kama anashika pembe, akageuza, akasema inawezekana, mdomo wa ng'ombe una uchungu kweli, ndiyo maana tukitaka kumtuliza tunamshika pua. Kisha akataka kumwona "huyo Mkenya aliyekuwa Pickett." Nilimwonyesha kipande kidogo kwenye simu. Akasema: "Huyu anakaa vizuri juu ya farasi." Hakusema lolote juu ya stelingi.

Kuna jambo jingine la Pickett ambalo lilinichoma. Mwaka 1994 posta ya Marekani ilitoa stempu za mashujaa wa zamani wa Magharibi, naye akiwamo. Stempu zimekwisha kuchapishwa, ikagunduliwa kwamba uso uliowekwa si wake. Ni wa ndugu yake, Ben. Ikabidi zirudishwe, zichapishwe nyingine. Mtu amefanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake, na siku ya kuheshimiwa wanamtafuta uso wake wanakosea! Nami nikakumbuka jarida letu la mwaka jana. Ukurasa wa drama una picha moja kubwa, mfalme amenyoosha mkono. Chini, pembeni kabisa, kuna kiatu. Hicho kiatu ni changu. Simlaumu mpiga picha, nilikuwa nimekufa tayari.

Sasa nije kwenye pendekezo la nauli. Waliopiga makofi wana hoja, siwezi kusema hawana. Nauli ya watu kumi na wanane ni mzigo, na wengi wetu tunatembea kwa miguu asubuhi kuja shuleni kwa sababu hata ya boda boda hatuna. Mwenzangu mmoja pia alinikata kauli akaniambia, "Gathegi analipwa kufa. Wewe unalipa kufa." Nilicheka, kwa sababu ni kweli. Lakini swali langu ni hili. Mkiwaondoa wanane, mchezo utakaobaki ni mchezo gani? Wakati wa mazoezi, kabla maaskari hawajapatikana, mfalme wetu alikuwa akisema ile hotuba yake ya hofu peke yake, na kila aliposema anaogopa, waliomtazama walicheka. Hakuna aliyeona anachokiogopa. Tulipoongezwa, jiwe likanipata, nikaanguka kwa kishindo (bega liliuma siku tatu), ukumbi wa Bomet ukanyamaza kimya, na mama mmoja nyuma akapiga ukemi. Ndani ya kimya hicho ndipo mfalme akafungua kinywa. Safari hiyo hakuna aliyecheka. Hotuba ilikuwa ile ile, neno kwa neno. Mfalme mwenyewe akitaka kusema ukweli atawaambia kwamba kimya hicho si yeye aliyekileta.

Najua pia wapo watakaosema kwamba mfano mzuri wa kufuata ni Lupita Nyong'o, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014, siyo huyu wangu wa kuuawa na mbwamwitu. Lupita ni fahari yetu, lakini hata tuzo ile aliipata kama mwigizaji msaidizi, katika filamu ya 12 Years a Slave. Stelingi wa filamu hiyo ni mwingine. Mara nyingi tunasahau sehemu hiyo tunapomtaja.

Na Gathegi hajaachwa pale chini. Tangu yule dereva wa teksi asiye na jina wa mwaka 2006 hadi Julai 2025 ni miaka kumi na tisa. Mwezi huo ilitoka filamu mpya ya Superman, naye ndani yake ni Mister Terrific, bingwa mwenye akili nyingi na maneno machache. Alikuwa na miaka 46. Filamu ni ya Superman, jina liko mlangoni, lakini watazamaji wengi walitoka wakimzungumzia Mister Terrific. Nilipomweleza baba, hakujali Superman ni nani. Aliuliza kama safari hii Mkenya alikufa. Nikamwambia hakufa. Akasema, "Eh."

Kwa hiyo, wanachama wenzangu, nawaomba mambo matatu tu kabla ya kura ya muhula ujao, na ya kwanza nimekwisha kuyasema, yaani tusicheke mtu wakati wa mchujo. La pili, kama ni lazima watu wapungue, achaguliwe kwanza mchezo wenye watu kumi, badala ya kuchukua mchezo wa watu kumi na wanane na kuukata mikono. Mtunzi aliweka maaskari wawili kwa sababu mmoja hawezi kumburuta mwenzake na huku analinda lango. La tatu, mhariri, ukurasa wa drama mwaka huu uandike majina yote kumi na manane, hata kwa herufi ndogo.

Kama mtanipa tena Askari wa Pili, nitamchukua. Nimekuwa nikiifanyia mazoezi hiyo "bwana" njiani nikienda kuchota maji mto Amala, na ndama wamenizoea. Nimeamua pia kwamba Askari wa Pili atamtazama mfalme kabla hajasema neno, maana ameona umati na anajua kitakachotokea. Mwaka jana sikumtazama hata mara moja. Nilikuwa nikiogopa kusahau sentensi.

Kuhusu zile shilingi 600, shangazi ameahidi mia mbili. Baba ametoa mia mbili bila kuulizwa, siku ya soko, akasema ni za kufia Bomet. Zimebaki mia mbili.